Mbolea ya Ruzuku: Namna ya Kuipata, na Namna ya Kujua Nani Ameipata

Kwa mkulima wa Trans Nzoia, ruzuku ya serikali ni kitu cha kushikika: mfuko wa kilo 50 uliotoka ghala la Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao, NCPB, kwa bei ya chini kuliko ya dukani. Kila mwaka, wiki chache kabla ya mvua ya masika, maswali huwa ni yale yale. Je, imefika? Nani amepata ujumbe? Mbona fulani amepakia lori zima nami simu yangu iko kimya?

Mwongozo huu ni wako wewe unayelima, au uliye na mzazi anayelima. Una sehemu mbili. Ya kwanza ni jinsi ya kuupata mgao wako bila kuzungushwa. Ya pili ni jinsi ya kuuliza, kwa sheria na kwa heshima, mgao wa kata yenu umekwenda kwa nani. Wengi huishia kwenye ile ya kwanza. Lakini ruzuku ni fedha ya umma, na kata isiyouliza fedha ya umma imekwenda wapi itakuta msimu ujao fungu lake limepungua na hakuna wa kumlaumu.

Nimeichagua Trans Nzoia kwa sababu ni kaunti ambamo tofauti ya ardhi inaonekana kwa macho. Hapa walowezi walikuwa na mashamba makubwa kabla ya uhuru. Baadaye mengine yaligawanywa kwa miradi ya makazi na kwa kampuni za kununua ardhi, mengine yakabaki mazima mikononi mwa watu wachache, na mengine yakashikwa na Shirika la Maendeleo ya Kilimo, ADC. Pembezoni mwa mashamba hayo kuna watu wasio na hata ploti ya mboga. Kwa hiyo barabara moja ya Endebess au Cherangany inaweza kukuonyesha, upande mmoja, mashine ya kuvuna ikifanya kazi, na upande wa pili, mama mwenye robo ekari akivuna kwa mkono. Wote wawili ni wakulima wa mahindi mbele ya serikali.

Tulikotoka

Ruzuku ya mbolea si jambo jipya nchini Kenya. Mwaka 2007 serikali ilianzisha mpango wa kitaifa wa kuharakisha upatikanaji wa pembejeo, NAAIAP, na ndani yake Kilimo Plus, uliowalenga waziwazi wakulima maskini: kilo 10 za mbegu ya mahindi, mfuko wa mbolea ya kupandia na mfuko wa kukuzia, vya kutosha ekari moja. Karibu wakati huohuo NCPB ilianza kuuza mbolea ya bei nafuu kwa kila mkulima. Mipango hiyo miwili ilikuwa na mioyo tofauti. Wa kwanza uliuliza, "Nani hawezi kununua?" Wa pili uliuliza, "Nani amekuja kununua?" Na wanaofika ghalani wakiwa na lori na pesa mkononi siku zote ni wale ambao tayari wanajiweza.

Mwaka 2022 bei ya mbolea ilipanda hadi watu wakapanda mahindi bila kitu. Tarehe 13 Septemba mwaka huo, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto alitangaza mifuko milioni 1.4 ya kilo 50 kwa shilingi 3,500 badala ya 6,500. Mwaka uliofuata wakulima walianza kusajiliwa kupitia machifu na manaibu wao, taarifa zao zikaingizwa katika rejista ya kidijitali iitwayo KIAMIS, na mnunuzi akawa anatambuliwa kwa vocha inayotumwa kwenye simu yake. Agosti 2023 bei ikashushwa hadi 2,500. Bei na masharti hubadilika msimu hadi msimu, kwa hiyo usiende ghalani kwa bei ya mwaka jana. Sikiliza tangazo la msimu huu au muulize afisa wa kilimo wa wadi yako.

Hesabu moja ya kufanya kabla ya yote

Kabla hujaingia foleni, ifahamu hesabu hii, maana inajibu nusu ya swali la nani anapata ruzuku.

Chukua bei zile za Septemba 2022. Kila mfuko ulikuwa na msaada wa shilingi 3,000 ndani yake. Kanuni ya kawaida ya mahindi ni mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia kwa ekari. Mwenye ekari mbili anachukua mifuko minne, na serikali imemsaidia kwa shilingi 12,000. Mwenye ekari 40 anachukua mifuko 80, na serikali imemsaidia kwa shilingi 240,000. Hakuna aliyeiba. Hakuna aliyeghushi. Wote wamefuata utaratibu, na mwenye ardhi kubwa amepata msaada wa umma mara 20 ya jirani yake.

Hivyo ndivyo ruzuku ya mfuko inavyofanya kazi popote isipowekewa kikomo: inafuata ardhi. Kuna wanaoitetea wakisema kwamba mwenye ekari 40 ndiye anayelisha miji, na unga ukishuka bei maskini naye anafaidi. Hoja hiyo ina uzito. Lakini mimi naona kwamba kama fedha ya umma ina kikomo, basi mifuko ya mtu mmoja nayo iwe na kikomo kinachojulikana na kila mtu, kilichobandikwa ukutani kwa chifu, na kisiwe cha kubadilishwa kwa kupigiwa simu. Ukiwa katika mkutano wa kukusanya maoni, hili ndilo la kulisema kwanza. Malalamiko kuhusu wezi yasikike pia, lakini hata wezi wote wakikamatwa, hesabu hiyo itabaki vilevile.

Rejista ndiyo mlango

Sasa tuje kwako. Asiyekuwa katika rejista, au aliyeandikwa vibaya, hata awe amelima miaka 30, mbele ya mfumo hajulikani. Usingoje Machi. Nenda kwa naibu wa chifu miezi ya Novemba na Desemba, wakati watu wako shambani wakivuna na ofisini hakuna msongamano. Beba kitambulisho cha kitaifa na simu yenye laini iliyosajiliwa kwa jina lako. Uliza kama umeandikwa, na kama umeandikwa, omba usomewe ulivyoandikwa. Usiridhike na "uko sawa, mama." Omba usomewe.

Sikiliza mambo manne. Jina na nambari ya kitambulisho: tarakimu moja ikikosewa, vocha haitakubaliwa ghalani. Nambari ya simu: hapa ndipo wengi wanapopotea. Siku ya usajili mzee hakuwa na simu, akatoa nambari ya kijana wake aliyeko Nairobi. Ujumbe ukaja, kijana akaudhani ni matangazo, msimu ukapita. Tatu ni ukubwa wa shamba, na nne ni zao. Mgao hukokotolewa kwa ekari na zao, kwa hiyo aliyeandikiwa nusu ekari badala ya mbili na nusu atapewa mbolea ya nusu ekari. Na aliyejiandikia ekari kumi huku ana mbili, ajue kwamba majirani wanalijua shamba lake kuliko kompyuta.

Wewe unayelima shamba la kukodi, usikubali kuambiwa kwamba mbolea ni ya mwenye ardhi. Mbolea ni ya mmea, na anayepanda ni wewe. Lakini jilinde kwa maandishi: mkataba wa ukurasa mmoja unaotaja ekari, muda na kodi, uliotiwa saini mbele ya mzee wa kijiji. Bila karatasi, mwenye shamba atajisajili kwa ardhi ileile, nawe utaonekana unadai mara mbili. Wapo wenye mashamba wanaochukua kodi ya msimu na mbolea ya ruzuku pamoja, halafu wanamuuzia mpangaji mifuko hiyo kwa bei ya duka. Hiyo ni dhuluma, na mkataba ndio kinga yako ya kwanza.

Neno la pekee kwa wanawake. Katika maboma mengi shamba limeandikwa kwa jina la mume, ijapokuwa anayelima, anayepalilia na anayevuna ni mke. Mume akiwa anafanya kazi mbali, au akifariki, vocha inaendelea kwenda kwenye simu isiyokuwepo. Mjane asisubiri kesi ya urithi iishe ndipo aombe marekebisho ya rejista. Hizi ni safari mbili tofauti: moja ni ya kumiliki, nyingine ni ya kulima. Aende kwa naibu wa chifu na cheti cha kifo na kitambulisho chake, aombe shamba analolima liandikwe kwa jina lake kama mkulima. Akikataliwa, aombe sababu kwa maandishi. Ofisi nyingi hulainika zinapoombwa kuandika.

Ujumbe umefika, pesa je?

Vocha si pesa. Ni ruhusa ya kununua kwa bei nafuu. Mwenye ekari mbili anayetaka mifuko yake minne kwa bei ya 2,500 anahitaji shilingi 10,000 taslimu, mnamo Machi, baada tu ya karo ya Januari na kabla ya karo ya muhula wa pili. Hapa ndipo dalali anapotokea. Anakuja nyumbani akiwa mpole, anasema, "Wewe huna haja ya mbolea yote hii, nipe kitambulisho na ujumbe wako nikuachie kitu kidogo." Ukikubali, mbolea yako inaishia dukani kwa bei ya juu au shambani kwa mwenye nacho, na katika rejista inaandikwa kwamba wewe umepata. Siku serikali itakapotangaza kwamba wakulima wadogo wa kata yenu wamenufaika, wewe utakuwa mmoja wa waliohesabiwa. Usimpe mtu kitambulisho chako. Usimsomee mtu nambari ya vocha kwenye simu, hata akijitambulisha kuwa afisa.

Lililo bora ni kujipanga mapema. Chama cha wanawake, kikundi cha mazishi, sacco ya maziwa, vyovyote mlivyo navyo, kinaweza kuweka akiba ya mbolea kuanzia Oktoba mahindi yanapoanza kuuzwa. Mia tatu kwa wiki kwa wiki 20 ni shilingi 6,000, yaani mifuko miwili na nauli. Na kama huwezi kununua yote, nunua ya kupandia kwanza. Mmea wa mahindi uliokosa fosforasi wakati wa kuota hauponi kwa mbolea ya kukuzia.

Safari ya ghalani nayo ina gharama zake. Anayeishi juu karibu na mlima Elgon akishuka Kitale mara mbili akakuta stoo haina kitu, nauli imekula nafuu yote ya bei. Piga simu kwanza, au mtumeni mmoja. Mkiwa kumi, kodini pikapu moja na mgawane gharama. Uliza pia kama chama cha ushirika kilicho karibu nawe kimefanywa kituo cha kugawia: serikali ya kitaifa na za kaunti zimekuwa zikifungua vituo vya namna hiyo ili kumpunguzia mkulima mwendo, na wakulima wengi hawaambiwi. Lipa kwa njia iliyotangazwa rasmi tu, na usiondoke bila stakabadhi. Anayekuomba "kitu cha kupakia" juu ya bei anakuomba hongo. Nambari ya bure ya Tume ya Maadili na Kupambana na Ufisadi, EACC, ni 1551.

Fungua mfuko kabla hujaufikisha shambani

Machi 2024 wanahabari wa Africa Uncensored walifichua kwamba mifuko iliyouzwa kwa wakulima kama mbolea, mingine kupitia maghala ya NCPB yenyewe, haikuwa na virutubisho vilivyoandikwa. Jambo hilo lilifika Bunge la Kitaifa, wabunge wakapiga kura Mei 2 kumwondoa Waziri wa Kilimo wa wakati huo, Mithika Linturi, na kamati maalumu ikaamua baadaye kwamba mashtaka dhidi yake hayakuthibitishwa. Serikali iliahidi kuwafidia walionunua. Waliokuwa na stakabadhi walikuwa na cha kuonyesha. Waliotupa walikuwa na neno lao tu.

Kwa hiyo, ukitoka ghalani, kagua. Tazama mshono wa mdomo wa mfuko kama ulishonwa kiwandani au umerudiwa kwa sindano ya gunia. Tazama alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, KEBS, tarehe, na uwiano wa virutubisho. Piga picha mfuko mbele na nyuma, pamoja na stakabadhi. Kisha mimina konzi moja mkononi. Chembe za DAP, mbolea ya kupandia, ni ngumu, zina rangi ya kijivu au kahawia, na hazivunjiki kwa kubanwa na vidole kama udongo mkavu. Yurea ni nyeupe, ndogo, zinateleza.

Sasa chukua glasi ya maji safi na kijiko kimoja cha mbolea, koroga. Yurea huyeyuka yote, na ukishika glasi utasikia ubaridi kidogo. DAP huyeyuka sehemu kubwa, ikaacha mashapo kidogo chini. Ukiona mchanga umelala chini, na maji juu yamebaki na rangi ya vumbi tu, simama. Lakini usiihukumu CAN, mbolea ya kukuzia, kwa jaribio hilo, kwa sababu ndani yake mna chokaa, na chokaa haiyeyuki. Mashapo meupe chini ya glasi ya CAN ni ya kawaida. Jaribio la glasi halichukui nafasi ya maabara. Linakuambia tu lini uache kupanda na uende kuuliza. Ukiwa na shaka, usirudishe mfuko kimyakimya. Weka kilo moja kwenye chupa kavu, funga, andika tarehe na mahali uliponunua, na upeleke taarifa kwa afisa wa kilimo na kwa KEBS. Kwa mbegu ni rahisi zaidi: kwangua kibandiko cha KEPHIS, shirika la ukaguzi wa afya ya mimea, kwenye pakiti, tuma tarakimu zake kwa 1393, utajibiwa kama ni halali.

Jambo moja zaidi kuhusu mbolea yenyewe, ingawa linatoka kidogo nje ya mada. Udongo mwingi wa Bonde la Ufa la kaskazini na wa magharibi umekuwa na asidi, na kutumia DAP mwaka nenda mwaka rudi huzidisha hali hiyo. Kwenye udongo wa namna hiyo fosforasi hufungwa, mmea usiipate, kwa hiyo mfuko wa bei nafuu unaweza kuwa hasara. Peleka udongo ukapimwe kwenye shirika la utafiti wa kilimo na mifugo, KALRO, au kwenye maabara ya kaunti kama ipo. Huenda unachohitaji kwanza ni chokaa ya shambani, na aina nyingine ya mbolea badala ya DAP.

Nani amepata? Uliza hivi

Hapa sasa ndipo penye kazi ya raia.

Majirani zetu wa Tanzania walitupa somo ambalo kila kata ya Kenya ingepaswa kulijua. Mwaka 2008 walianza mpango wa vocha za pembejeo, na vijiji vyenyewe vikachagua wa kupewa, kwa imani kwamba kijiji kinamjua maskini wake. Watafiti Lei Pan na Luc Christiaensen walipochunguza vocha hizo mkoani Kilimanjaro, walikuta takriban asilimia 60 zilikwenda kwa viongozi wa kijiji waliochaguliwa. Hali ilikuwa mbaya zaidi kwenye vijiji vya mbali na vyenye tofauti kubwa ya mali. Sisi tumeondoka kwenye kamati tukaenda kwenye kompyuta, na ni hatua nzuri. Lakini kompyuta inajua tu ilichoambiwa, na aliyeiambia ni mtu wa palepale kijijini.

Na hapa kwetu, mwaka 2018, wakulima wa mahindi wa Trans Nzoia na kaunti jirani walipokuwa wakipanga foleni wakisubiri malipo ya NCPB, ilidhihirika kwamba wafanyabiashara wachache walikuwa wamelipwa mamilioni kwa mahindi waliyopeleka kwa jina la mkulima. Seneti iliunda kamati maalumu kuchunguza. Bei ya juu ya kununulia mahindi iliyowekwa na serikali ilikuwa ruzuku pia, na ilikwenda kwa aliyekuwa na malori.

Sheria iko upande wako. Kifungu cha 35 cha Katiba ya 2010 kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inaeleza utaratibu. Unaweza kuandika ombi kwa Kiswahili. Sheria inasema hivyo waziwazi. Asiyejua kusoma au mwenye ulemavu anaweza kulisema kwa mdomo, na afisa ana wajibu wa kuliandika. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Afisa ana siku 21 za kujibu, na anaweza kuongeza 14 mara moja tu. Huna wajibu wa kueleza kwa nini unataka kujua.

Usiombe orodha ya majina na nambari za simu za watu. Utakataliwa, na ni haki, kwa sababu taarifa za watu binafsi zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Omba hesabu. Hesabu hazimwaibishi mtu, na zinaonyesha yote. Barua yako iwe fupi kama hii:

"Kwa Afisa wa Upatikanaji wa Habari. Mimi ni raia wa Kenya na mkazi wa kata ndogo ya (jina). Kwa mujibu wa Kifungu cha 35 cha Katiba na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, naomba taarifa zifuatazo kuhusu mbolea ya ruzuku msimu wa masika uliopita. Idadi ya wakulima waliosajiliwa katika kata yetu ndogo. Idadi ya waliotumiwa vocha, na ya walionunua. Jumla ya mifuko iliyouzwa, ikigawanywa kwa ukubwa wa shamba: chini ya ekari 2, ekari 2 hadi 5, ekari 5 hadi 20, na zaidi ya 20. Idadi ya wanawake na ya wanaume miongoni mwa walionunua. Tarehe ambazo mbolea iliingia katika ghala linalotuhudumia. Na kikomo cha mifuko kwa mkulima mmoja, kama kipo, pamoja na waraka ulioweka kikomo hicho. Naomba nijibiwe kwa maandishi."

Tia sahihi, tarehe, na namna ya kukupata. Peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Swali la kikomo lipeleke kwa Wizara ya Kilimo, la tarehe za kuingia mbolea kwa NCPB, na la miradi ya kaunti kwa idara ya kilimo ya kaunti, maana kila ofisi hupenda kusema jambo hilo si lake. Zikipita siku 21 bila jibu, au ukijibiwa nusu, una siku 30 za kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ambayo wengi huiita ofisi ya Ombudsman. Ni bora barua iwe ya kikundi kuliko ya mtu mmoja. Si kwa ajili ya uoga tu: afisa anayejua kwamba watu 20 wanasubiri jibu hujibu kwa uangalifu.

Hesabu zikija, tafuta mambo matatu. Linganisha waliotumiwa vocha na walionunua: pengo likiwa kubwa, tatizo ni pesa au umbali, na dawa yake ni kituo cha karibu au malipo kwa awamu. Angalia tarehe ya mbolea kuingia ghalani: ikiwa iliingia Mei ilhali ilikusudiwa kupandia Machi, aliyefaidi ni yule aliyeweza kuihifadhi hadi mwaka ujao. Na angalia fungu la walio juu ya ekari 20. Watakuwa wachache kwa idadi. Uliza wamechukua mifuko mingapi.

Peleka majibu hayo mahali penye nguvu ya kubadilisha kitu. Kilimo ni kazi iliyogatuliwa. Kaunti ina bajeti yake ya pembejeo, na bajeti hiyo ina msimu wake kama mahindi. Waraka wa mkakati wa fedha wa kaunti hufika bunge la kaunti kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Wadi 25 za Trans Nzoia zina wawakilishi 25, na kila mmoja ana kura katika bajeti hiyo. Mwite wako kwenye baraza kabla ya Februari, umsomee hesabu za kata yenu mbele ya watu, umuulize atapendekeza nini: kituo cha kugawia, kikomo cha mifuko, au fungu la wasio na uwezo wa kulipa lote kwa mkupuo. Andikeni jibu lake.

Anza na lililo karibu. Wiki hii nenda kwa naibu wa chifu, omba usomewe rejista, na mpeleke jirani yako asiyejua kusoma naye asomewe.